Namna ya Kutafuta Neno katika Kamusi za Kale za Kijerumani

Neno "hela", tunalolitamka kutwa kucha bila kulitazama, tulilipata kwa Wajerumani. Mwaka 1904 serikali ya kikoloni ya Afrika Mashariki ya Kijerumani iliamua kwamba rupia, ambayo hadi wakati huo iligawanywa katika pesa 64, igawanywe katika Heller 100. Sarafu hizo zimekwisha kutoweka zamani, lakini jina lake limebaki midomoni mwetu likiwa na maana pana kuliko ile liliyokuja nayo. Anayetaka kujua Heller ilikuwa nini kabla ya kuvuka bahari hatapata mengi katika kamusi ndogo ya Kijerumani ya wanafunzi. Itambidi aende kwenye kamusi za kale, na huko watu wengi hukata tamaa katika saa ya kwanza, kwa kuwa herufi hazisomeki, neno haliko mahali linapotarajiwa, na maelezo yake yameandikwa kwa Kilatini.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kuzitumia kamusi hizo, kuanzia ile ya ndugu wawili Grimm na kurudi nyuma hadi orodha za maneno zilizonakiliwa katika karne ya 8. Jambo moja ninamwomba msomaji alishike tangu mwanzo, kwa sababu hatua zote zitakazofuata zinalitegemea. Kila kamusi ya kale ilitungwa ili kumjibu mtu fulani aliyekuwa na haja fulani, na mtu huyo si wewe. Mwanafunzi maskini aliyehangaika na Biblia ya Kilatini, mfanyabiashara wa Venice aliyeuziana na Wajerumani, mshairi aliyetafuta kina, kila mmoja alitengenezewa kitabu chake. Ukijua kitabu kilikuwa cha nani, utajua neno lako limewekwa wapi ndani yake, na utajua pia kwa nini pengine halimo.

Anza na kitabu cha mwisho

Usianze na kamusi iliyo ya zamani kuliko zote. Anza na ile ya Jacob na Wilhelm Grimm, kwa kuwa imebeba ndani yake sehemu kubwa ya yale yaliyoandikwa kabla yake, na mara nyingi itakuelekeza kwa jina kwenye kamusi ya zamani zaidi unayopaswa kuifungua baadaye.

Ndugu hawa walifukuzwa katika Chuo Kikuu cha Göttingen mwaka 1837 pamoja na maprofesa wengine watano, baada ya kumpinga mfalme wa Hannover alipoifuta katiba. Mwaka uliofuata, wakiwa hawana kazi, walikubali ombi la wachapishaji wa Leipzig la kutunga kamusi ya Kijerumani ambayo ingekusanya maneno kuanzia maandishi ya Luther, mtafsiri wa Biblia wa karne ya 16, hadi ya mshairi Goethe. Kipande cha kwanza kilitoka mwaka 1852 na juzuu ya kwanza ikakamilika mwaka 1854. Wilhelm alifariki mwaka 1859 akiwa ameimaliza herufi D. Jacob, aliyeshughulikia A, B, C na E, alifariki mwaka 1863 akiwa ndani ya herufi F, na makala ya mwisho aliyokuwa akiiandika ni ya neno "Frucht", yaani tunda. Wengine waliipokea kazi hiyo, vizazi kwa vizazi, na juzuu ya 32 ikatoka mwaka 1961. Vidahizo vyake, yaani maneno yanayofafanuliwa, ni takriban 320,000.

Miaka hii ninaitaja kwa sababu ina matumizi. Kati ya kipande cha kwanza na cha mwisho imepita zaidi ya karne moja, kwa hiyo kusema tu kwamba "Grimm anasema" ni kosa linalopotosha. Neno "Heller" limo katika juzuu iliyotungwa na Moriz Heyne na kukamilika mwaka 1877, wakati ambapo ndugu wote wawili walikuwa kaburini. Kila unapotoa habari katika kamusi hii, andika mwaka wa juzuu yenyewe, jina la mtunzi wake ukiweza kulipata, na nambari ya safu, maana kurasa zake zimegawanywa katika safu mbili na hesabu hufuata safu, wala si kurasa.

Kamusi nzima inapatikana bila malipo kwenye intaneti, katika tovuti iitwayo Wörterbuchnetz inayosimamiwa mjini Trier. Ukiifungua, kumbuka mambo matatu. La kwanza, Jacob Grimm hakupenda majina ya vitu yaanze kwa herufi kubwa kama ilivyo desturi ya Kijerumani, kwa hiyo ndani ya makala yameandikwa kwa herufi ndogo. La pili, hakutumia ile herufi "ß". Aliandika "sz" badala yake, ndiyo maana "Straße" hupatikana kama "strasze" na "groß" kama "grosz". La tatu, maana ya neno mara nyingi hutolewa kwanza kwa Kilatini, kwa mfano "Tisch" hufuatwa na "mensa", yaani meza. Neno hilo moja la Kilatini lisikukere. Linakili kwenye daftari lako, kwa sababu ndilo ufunguo utakaokufungulia kamusi za karne ya 15 na 16, kama nitakavyoonyesha.

Kuhusu Heller, asili yake ni mji wa Hall katika eneo la Swabia, unaoitwa leo Schwäbisch Hall. Takriban mwaka 1200 mji huo ulianza kutengeneza peni ndogo za fedha zenye mkono upande mmoja na msalaba upande wa pili, na watu wakaziita "Haller", yaani za Hall. Kadiri sarafu hiyo ilivyoenea ndivyo ilivyopungua ubora, hata katika sehemu nyingi ikafikia nusu ya Pfennig, yaani peni ya Kijerumani, na jina lake likawa mfano wa kitu cha thamani ndogo kabisa. Luther alipotafsiri Mathayo 5:26, pale ambapo Biblia yetu inasema "senti ya mwisho", aliandika "den letzten Heller". Utaona basi kwamba neno lililomaanisha kitu cha chini kuliko vyote huko Ujerumani limekuwa huku kwetu jina la mali yenyewe.

Karne ya 18: uliza msanifishaji anasimama wapi

Ukitoka kwa Grimm, rudi kwa Johann Christoph Adelung, ambaye kamusi yake ya Kijerumani cha juu ilitoka Leipzig katika juzuu tano kati ya mwaka 1774 na 1786, kisha ikatolewa tena katika juzuu nne kati ya 1793 na 1801. Kwa mtu anayeanza, hii ndiyo kamusi ya kale iliyo rahisi kuliko zote. Imepangwa kwa alfabeti, maana zimetenganishwa kwa nambari, na maelezo yako kwa Kijerumani kinachokaribia cha leo. Mimi binafsi huipendekeza isomwe sambamba na Grimm kila mara, kwa kuwa Grimm anakupa historia ya neno na Adelung anakupa jinsi mtu msomi wa zama zake alivyolielewa.

Hata hivyo, soma Adelung ukijua anasimama wapi. Kwake yeye Kijerumani sahihi ni kile cha watu wa tabaka la juu wa Obersachsen, hasa eneo la Meißen, na neno la Bavaria, Uswisi au pwani ya kaskazini huambiwa waziwazi kwamba ni la kimikoa. Tena aliyagawa maneno katika madaraja matano ya heshima, kuanzia lugha ya juu ya ushairi hadi lugha ya watu aliowaona kuwa wa ovyo kabisa. Anaposema neno ni la "chini", ameandika hukumu ya mtu mmoja mwenye kipimo chake, na hukumu hiyo yenyewe ni ushahidi wa kihistoria. Sisi tulioshuhudia lahaja ya Unguja ikichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na maneno ya Mombasa na Lamu yakipewa alama ya kimahali katika kamusi, hatuhitaji kufundishwa sana jambo hili.

Joachim Heinrich Campe alimjibu Adelung kwa kamusi ya juzuu tano iliyotoka Braunschweig kati ya mwaka 1807 na 1811. Yeye alitaka maneno mengi zaidi na alikuwa na shauku ya kuyaondoa maneno ya kigeni, hasa ya Kifaransa, kwa kubuni ya Kijerumani. Baadhi ya aliyoyabuni yamedumu, kama "Erdgeschoss" kwa ghorofa ya chini na "Zerrbild" kwa kikaragosi. Kwa hiyo ukikuta neno kwa Campe ambalo halimo kwa Adelung, usikimbilie kusema kwamba lilikuwa likitumika mitaani. Tazama kwanza alama iliyo mbele ya kidahizo na ulinganishe na maelezo ya alama hizo mwanzoni mwa kitabu, kwa sababu huenda ni neno alilolipendekeza yeye au mwenzake.

Nyuma yao kuna Johann Leonhard Frisch, mkuu wa shule mjini Berlin na mtafiti wa wadudu na ndege, ambaye kamusi yake ya Kijerumani na Kilatini ilitoka mwaka 1741. Ifungue hii unapotafuta neno la ufundi, la migodini, la uwindaji au la hati za zamani za mahakama, kwa kuwa Frisch aliyathamini maneno ambayo wengine waliyapita.

Karne ya 17: tafuta mzizi

Hapa ndipo wasomaji wengi hupotea, lakini msomaji wa Kiswahili ana bahati. Mtu aliyezoea kamusi zetu anajua kwamba "pigana", "pigia" na "pigiwa" hayatafutwi kila moja mahali pake. Hutafutwa chini ya "piga". Watunzi wa Kijerumani wa karne ya 17 waliifuata njia hiyo hiyo. Justus Georg Schottelius, katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1663, alifundisha kwamba lugha ya Kijerumani imesimama juu ya maneno-mashina mafupi, ambayo yote mengine huchipuka kutoka kwayo, na akatoa orodha ndefu ya mashina hayo. Alikuwa mwanachama wa Fruchtbringende Gesellschaft, chama kilichoanzishwa mwaka 1617 ili kukitukuza Kijerumani katika zama ambazo wasomi waliandika Kilatini na wakuu walizungumza Kifaransa.

Aliyeitekeleza ndoto hiyo ni Kaspar Stieler, ambaye kamusi yake ilitoka Nürnberg mwaka 1691. Jina lake lenyewe linataja mti wa ukoo wa lugha ya Kijerumani na ukuaji wake, na jina la kitabu linakueleza namna ya kukitumia. Usitafute "Hausvater" katika H. Anza na "Vater", kisha shuka chini ya shina hilo hadi utakapofikia maneno ya kuunganishwa. Usitafute neno lenye kiambishi "ver-" au "be-" kwa kiambishi chake. Kivue kwanza, kama unavyovua viambishi vya kitenzi cha Kiswahili kabla ya kufungua kamusi. Mwishoni mwa kitabu iko faharasa ya maneno, nayo itakuokoa pale ambapo shina alilolichagua mtunzi si lile ambalo wewe ungelichagua. Matthias Kramer, aliyetoa kamusi yake kubwa ya Kijerumani na Kiitaliano mjini Nürnberg kati ya 1700 na 1702, na Christoph Ernst Steinbach wa Breslau mwaka 1734, walipanga maneno yao kwa namna kama hiyo.

Kabla ya kuiacha karne hii, mtaje Georg Henisch, daktari na mwalimu wa Augsburg, ambaye mwaka 1616 alitoa juzuu ya kwanza ya kamusi yenye methali nyingi na tafsiri za maneno katika lugha kadhaa. Alifariki mwaka 1618 na kitabu hakikuendelea, kwa hiyo neno lako likianza na herufi baada ya G, usipoteze muda kukitafuta. "Heller" limekosa kuingia kwa herufi moja tu.

Karne ya 16: jifunze kusoma chapa, kisha geuza mwelekeo

Sasa utakutana na maandishi ya chapa ya Kijerumani yenye pembe na mikia, na ni bora utenge siku mbili au tatu za kujizoeza kabla ya kutafuta chochote. Herufi inayowasumbua watu kuliko zote ni "s" ndefu, inayoandikwa "ſ" mwanzoni na katikati ya silabi, ambayo hufanana mno na "f". Tofauti yake iko katika kile kijistari cha kati: katika "f" hukata na kutokeza upande wa kulia, katika "ſ" hakitokezi. Andika maneno mawili, "ſein" na "fein", la kwanza likiwa na maana ya "kuwa" na la pili "laini" au "zuri", uyatazame hadi jicho lako liyatofautishe bila kusita. Herufi "v" mwanzoni mwa neno mara nyingi ni "u", kwa hiyo "vnd" ni "und" na "vnser" ni "unser". Kistari kilicho juu ya herufi huashiria "n" au "m" iliyoachwa. Herufi "ů", yenye kiduara juu yake, ni sauti ambayo leo huandikwa "u", kama katika "zů" na "gůt". Tena "c" na "k", "i" na "j", "f" na "v" hubadilishana, kwa hiyo neno lisipopatikana kwa herufi moja, litafute kwa mwenzake kabla ya kuhitimisha kwamba halimo.

Baada ya herufi, fikiria mwelekeo. Kwa karne nyingi kamusi zilitoka Kilatini kwenda Kijerumani, kwa kuwa Kilatini ndicho kilichofundishwa shuleni na Kijerumani kilikuwa njia tu ya kukifikia. Petrus Dasypodius, mwalimu mzaliwa wa Uswisi, alitoa kamusi ya Kilatini na Kijerumani mjini Strasbourg mwaka 1535, na toleo la mwaka 1536 likaongeza sehemu inayoanza na Kijerumani. Hapa ndipo lile neno la Kilatini ulilolinakili kutoka kwa Grimm linapofanya kazi. Ukitaka kujua watu wa wakati huo waliitaje meza, tafuta "mensa", usome Kijerumani kilichowekwa mbele yake. Mara nyingi utapata maneno mawili au matatu yaliyofuatana, na kati yake litakuwamo moja ambalo limekufa leo au limebaki katika lahaja moja tu.

Kitabu cha kwanza kikubwa kilichoweka maneno na misemo ya Kijerumani mbele kwa ajili ya Kijerumani chenyewe ni kile cha Josua Maaler, mchungaji wa Zürich, kilichochapishwa mwaka 1561 kwa jina "Die Teütsch spraach". Maaler aliichukua kamusi ya Kilatini ya mwalimu Johannes Frisius na kuigeuza. Kwa hiyo usome kwa tahadhari: misemo mingine ndani yake ilizaliwa kama tafsiri ya Kilatini, wala huwezi kuwa na hakika kwamba kuna mtu wa Zürich aliyewahi kuitamka sokoni. Unapokuta msemo mrefu usio wa kawaida, tazama Kilatini kilichoambatana nao. Kama Kijerumani kinafuata Kilatini neno kwa neno, uwekee alama ya kuulizia katika daftari lako.

Vitabu vingine vya karne hiyo viliandikwa kwa haja nyembamba, na ndivyo vinavyopendeza zaidi kuvipekua. Agano Jipya la Luther lilipotoka Wittenberg mnamo Septemba 1522, wasomaji wa kusini walikuta ndani yake maneno wasiyoyajua, hivyo mwaka 1523 mpiga chapa Adam Petri wa Basel alilichapisha upya pamoja na orodha fupi ya maneno magumu. Humo "Lippen", yaani midomo, limefafanuliwa kwa "Lefzen", na "Ufer", yaani ukingo wa maji, kwa "Gestad". Mjerumani wa leo anasema "Lippen" na "Ufer" kila mahali, na orodha ile ndogo inatuonyesha wakati ambapo maneno hayo yalikuwa bado ya ugenini kwa watu wa Basel. Erasmus Alberus alitoa Frankfurt mwaka 1540 kamusi iliyopangwa kwa miishio ya maneno. Huko neno hutafutwa kwa silabi ya mwisho, na anayesoma mashairi ya karne ya 16 ataiona thamani yake upesi. Simon Roth alikusanya maneno ya kigeni yaliyokuwa yakiingia katika Kijerumani na kuyafafanua katika kitabu kilichotoka Augsburg mwaka 1571. Neno lako likinukia Kilatini au Kifaransa, lianzie kwa Roth.

Karne ya 15 na nyuma yake

Kwa maneno ya kabla ya chapa utahitaji vitabu viwili vya wataalamu wa karne ya 19. Cha kwanza ni kamusi ya Matthias Lexer ya Kijerumani cha zama za kati, iliyotoka Leipzig kati ya mwaka 1872 na 1878, na ambayo imo katika tovuti ile ile ya Trier. Ndani yake "haller" na "heller" yako pamoja, na njia ya kurudi Hall inaonekana bila pazia. Cha pili ni kitabu cha Lorenz Diefenbach cha mwaka 1857, ambacho kilikusanya mahali pamoja majibu ya orodha nyingi za Kilatini na Kijerumani za zama hizo. Kidahizo ni cha Kilatini, na mbele yake zimepangwa tafsiri za Kijerumani kutoka katika miswada na chapa mbalimbali, kila moja ikiwa na alama ya chanzo chake. Usinakili tafsiri bila kunakili alama hiyo.

Orodha iliyoenea kuliko zote huitwa "Vocabularius Ex quo", kwa maneno mawili yanayoanzisha utangulizi wake. Utangulizi huo unasema waziwazi kwa nini kitabu kilitungwa: kamusi kubwa za Kilatini zilikuwa ghali mno kwa wanafunzi maskini. Zaidi ya miswada 270 ya kitabu hicho imesalia, na mwaka 1467, Gutenberg akiwa bado hai, kilichapishwa Eltville karibu na Mainz. Kwa kuwa kila mnakili alibadilisha Kijerumani kifuate lahaja ya kwao, neno moja la Kilatini linaweza kukupa ramani nzima ya maneno ya Kijerumani kutoka kaskazini hadi milima ya Alps. Miaka kumi baadaye, mwaka 1477, Adam von Rottweil alichapisha Venice kitabu cha Kiitaliano na Kijerumani kilichopangwa kwa mada, kwa ajili ya wafanyabiashara na wasafiri. Katika vitabu vya aina hiyo alfabeti haikusaidii; fikiria neno lako ni la jikoni, la mwili, la nguo au la mbinguni, kisha fungua sura yake.

Mpango huo wa mada ni wa zamani sana. Mswada mdogo wa St. Gallen wa mwishoni mwa karne ya 8 umepangwa hivyo, na vivyo hivyo orodha ya Kassel ya mwanzoni mwa karne ya 9, ambayo imeandika kwa Kilatini na Kijerumani viungo vya mwili, vyombo na maswali ya msafiri, kisha ikaongeza sentensi ya majivuno: "Tole sint Uualha, spahe sint Peigira", yaani Warumi ni wajinga, Wabavaria ni werevu. Itazame sentensi hiyo kwa karibu, maana inafundisha kusoma. "Uu" ni herufi "u" iliyoandikwa mara mbili, nayo husomwa "w". "Peigira" ni Wabavaria, wanaoitwa leo "Bayern", kwa kuwa waandishi wa kusini waliweka "p" pale ambapo Kijerumani cha leo kina "b".

Hatimaye kuna Abrogans, kitabu kinachohesabiwa kuwa cha kale kuliko vyote vya Kijerumani, kilichotungwa katika karne ya 8. Nakala yake inayojulikana zaidi, ya takriban mwaka 790, imehifadhiwa katika maktaba ya St. Gallen kwa nambari 911, na picha za kurasa zake zinaonekana bila malipo katika tovuti ya e-codices. Ina maneno ya Kijerumani takriban 3,670. Wengi huisoma vibaya kwa sababu hawajui ilivyotengenezwa. Asili yake ni orodha ya visawe vya Kilatini, na mfasiri aliweka Kijerumani juu ya kila neno, la kufafanuliwa na la kufafanua pia. Kwa hiyo mstari wa kwanza una jozi mbili: "abrogans" imepewa "dheomodi", na "humilis", iliyowekwa kuifafanua, imepewa "samftmoati". Ukidhani kwamba "samftmoati" ni maelezo ya Kijerumani ya "dheomodi", umekwisha kukosea. Soma kila neno la Kijerumani pamoja na Kilatini chake tu.

"Dheomodi" imeundwa kwa neno la "mtumwa" au "mtumishi" na neno la "moyo" au "nia". Lifuate kurudi mbele: kwa Lexer litafute katika "die-", kama "diemüete", kwa Adelung na Grimm litafute katika "Demuth" na "demut". Mjerumani wa leo anayesema "demütig", yaani mnyenyekevu, anatamka neno la kwanza la kitabu cha kwanza cha lugha yake, na "sanftmütig", yaani mpole, ni lile la pili. "Heller" usilitafute humo. Sarafu ya Hall ilikuwa bado na miaka mia nne ya kusubiri.

Kwa zoezi lako la kwanza nakushauri ufungue kurasa za mwisho za mswada huo wa 911, ambako kuna sala unayoijua kwa moyo: "Fater unseer, thu pist in himile, uuihi namun dinan". Isome kwa sauti. "Fater unseer" ni Baba yetu. "Pist" ni "bist", kwa kanuni ile ya "p" na "b". "Uuihi" huanza kwa "w", nalo ni kitenzi ambacho kwa Grimm kiko katika "weihen", yaani kutakasa. "Himile" na "namun" hayahitaji kamusi kwa mtu anayejua "Himmel" na "Name". Andika kila neno katika mstari wake, mbele yake umbo la leo, kisha juzuu na safu ulikolihakikisha, na uendelee hivyo hadi mwisho wa sala.